Hayo ni ya Pwani

Mzee alikifunga kitabu lakini kidole chake akakiacha katikati ya kurasa, asipoteze alipofika. "Hayo ni ya pwani," akasema. "Huku kwetu hayakuwako." Tulikuwa Biharamulo, mkoani Kagera, barazani kwake, si mbali na boma la zamani la Wajerumani. Kitabu kilikuwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2022. Alikuwa amefika pale tunapoambiwa habari za mnyapara wa msafara, mtu katili anayesifika kwa kuwaingilia wanaume. Mzee huyu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na neno lake mtaani huchukuliwa kuwa limekwisha kupimwa. Lakini hili nani alilipima?

Nilikuja na swali dogo. Wasomaji wa Biharamulo na Ngara hufanya nini wanapokutana na mapenzi ya jinsia moja, au mambo ya chumbani yaliyoandikwa bila pazia, ndani ya hadithi? Sikufuata yanayosemwa mikutanoni, maana hayo kila mtu anayajua. Nilitaka kujua kinachopita kati ya jicho na ukurasa wakati mlango umefungwa. Nilidhani siku tatu zingetosha, kisha sentensi ya mzee ikanigeuzia safari. Kama hayo ni ya pwani, yalifikaje huku, na kwa njia ipi?

Njia yenyewe ipo, na ni kongwe kuliko boma. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani hadi Tabora. Kutoka Tabora tawi moja lilipanda kaskazini, likapita Uzinza na Usui hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro. Usui ya vitabu vya wasafiri ndiyo Rusubi, nchi ambayo leo iko upande huu wa Biharamulo. Wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walipita mwaka 1861, na kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kimejaa malalamiko juu ya hongo aliyodaiwa hapa. Niliketi na sura hizo za Usui usiku wa siku mbili. Nilikuta nguo na shanga, nikakuta wapagazi wanaotoroka na mtawala asiyekubali kuharakishwa. Maisha ya kambini usiku, baada ya moto kufifia, hayamo. Mtu aliyewaandikia wasomaji wa London wa enzi zile anaponyamaza, kimya chake ni ushahidi wa nini?

Kwa upande wa pwani karatasi zipo. Mwaka 1899 jarida moja la kitaalamu la Berlin lilichapisha makala fupi ya mtaalamu wa Austria kuhusu mapenzi ya jinsia moja Zanzibar. Baadaye wengine wakaandika juu ya Mombasa. Kwa hiyo mzee anacho cha kushikia. Ukitafuta maandishi ya namna hiyo juu ya Rusubi, au juu ya Bushubi na Bugufi za upande wa Ngara, unarudi mikono mitupu, na nilirudi hivyo. Lakini katika maandishi hayo wataalamu wale waliuliza watu wa bandarini. Pwani ilizidiwa na mambo hayo, au ilizidiwa na wageni wenye kalamu?

Nikaiacha njia ya misafara, nikarudi kwenye riwaya. Nilikuwa nimeazimisha nakala kwa wasomaji wanne, wote watu wazima, wote wa wilaya hizi. Nilitarajia ghadhabu. Sikuipata. Walizungumza kwa uchungu juu ya deni, juu ya baba anayemweka mwanawe, Yusuf, rehani kwa tajiri na mtoto asijue. Mama mmoja aligusia bibi wa nyumba anayemtamani Yusuf. "Hiyo naijua," alisema, "ni Yusufu na mke wa Potifa." Habari ile alikwisha kuipokea katika Maandiko, kwa hiyo haikumtisha. Mnyapara naye hakuwasumbua. Ni mtu mbaya, na mtu mbaya hufanya mabaya. Nikauliza juu ya sehemu nyingine, zile ambazo Yusuf anatazamwa kwa sababu ya uzuri wake, na wanaume wanautambua uzuri huo. Hakuna aliyezikumbuka. Watu wanne makini wanasoma kurasa zilezile na wote wanne wanasahau mahali pamoja. Kusahau kwa namna hii si jibu tayari?

Ikanibidi nijihoji na mimi. Riwaya hii inapomweka mnyapara mbele yetu, inatupa mapenzi ya wanaume katika sura ya mabavu: mkubwa na mdogo, mwenye fimbo na asiye nayo. Msomaji akiikataa sura hiyo, amekataa nini hasa? Ubakaji, au jinsia ya waliohusika? Nilirudi kwa wale wanne na swali hilo. Wawili walisema ubakaji. Mmoja alisema vyote. Wa nne alikaa kimya, akasema atanipigia simu, na hakupiga. Kura ya mtu ambaye hakupiga simu tunaihesabu upande upi?

Kabla ya riwaya yoyote, palikuwa na simulizi nyingine, nayo haikuja na misafara ya pwani. Nilikumbushwa kwa bahati nikiwa njiani kuelekea Rulenge, wilayani Ngara, na mzee aliyewahi kuwa katekista. "Sisi tulianza na Mashahidi," alisema. Alimaanisha Mashahidi wa Uganda, vijana wa ikulu ya Buganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki kati yao walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Katika nchi hizi za ziwa, zilizofikiwa na Mapadri Weupe, watoto wamekua wakizisikia habari zao kila Juni. Na kiini cha simulizi hiyo, kama inavyopokewa na wengi, ni vijana waliokataa tamaa ya mfalme mwanamume. Nikamuuliza walielewa nini utotoni. "Tuliambiwa ni jambo baya. Hatukuuliza jambo gani." Je, inawezekana simulizi ya kwanza iliyogusa mapenzi ya wanaume kufika masikioni mwa mtoto wa huku haikutoka pwani hata kidogo, ilisomwa madhabahuni?

Lazima niipime simulizi hiyo kama nilivyompima Speke. Wapo wanahistoria wanaoipokea kama ilivyo. Wapo wanaoweka siasa mbele: askofu wa Kianglikana aliuawa Busoga Oktoba 1885 kwa hofu ya wavamizi kutoka mashariki; ikulu ilikuwa imegawanyika makundi; na vijana wa mfalme walikuwa wameanza kumtii bwana mwingine. Waliotuachia maandishi ni wamisionari na waongofu walionusurika. Upande wa pili haukuandika. Mimi naona haja ya kuchagua moja ni ya kwetu sisi wasomaji, si ya tukio lenyewe. Utii uliokataliwa unaweza kuwa wa kitandani na wa kisiasa kwa wakati mmoja. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo zaidi: jambo hilo lilisimuliwa huku mwaka baada ya mwaka, likiwa limefunikwa kwa neno moja lisiloulizwa. Basi kwa nini simulizi hii haihesabiwi mtu anaposema hayakuwako?

Kutoka hapo nikafuata vitabu vyenyewe. Mwaka 1968 mradi mkubwa wa kisomo cha watu wazima ulianza katika mikoa ya kandokando ya ziwa, ukiwamo Ziwa Magharibi, mkoa ambao baada ya vita vya Kagera ulipewa jina la mto. Mwaka 1974 likaja gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, na vijiji vikapata maktaba ndogo za kabati moja. Ndani ya kabati mlikuwa na pamba, lishe, ufugaji wa nyuki. Riwaya zilikuja kwa mlango mwingine: kwa walimu waliorudi likizo, kwa makondakta, kwa wanafunzi wa bweni. Kuna miaka mabasi yalivuka msitu wa Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na chini ya kiti, ndani ya begi la mtu, palikuwa na riwaya ya Dar es Salaam Usiku. Kitabu kinachosafiri hivyo, bila kuandikwa kwenye daftari lolote, anayetaka kukifuata leo aanzie wapi?

Nilianzia kwa Rosa Mistika, kwa sababu hiyo ina alama. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971. Inamfuata msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo hadi anapotoka nje ya macho ya baba na mwili wake unakuwa uwanja wa wanaume. Ilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya chumbani, kisha miaka baadaye ikarudi shuleni, ikasomwa na kutahiniwa. Hapa hakuna pwani ya kusingizia. Ukerewe ni kisiwa cha ziwa letu. Toleo linalopokewa ni jepesi: wazee walishtuka, vijana wakaisoma kwa siri, nyakati zikabadilika. Toleo jepesi hunitia wasiwasi. Nyakati zilibadilika, au wasomaji waligundua namna ya kuisoma isiyowahukumu wao?

Katika maktaba ya shule moja, ambayo sitaitaja, nilipata nakala yake ya zamani. Niliiweka mezani juu ya mgongo wake na kuiachia. Ilijifungua yenyewe mahali pamoja. Pembe za kurasa pale zilikuwa nyeusi kwa vidole, na baada yake kurasa mbili hazikuwapo, zimekatwa kwa wembe karibu na mshono. Nilisimama nikihisi nimeshika ushahidi. Kisha nikajizuia. Karatasi huku imewahi kufungiwa karanga, imewahi kuvingirishiwa tumbaku, imewahi kuokoa mtu msalani. Nikamtafuta aliyekuwa akitunza maktaba hiyo zamani. Alicheka, akasema mwalimu mmoja ndiye aliyekata. Mwenzake aliyekaa pembeni akasema si kweli, alikata mwanafunzi, ili abaki nazo. Mikono miwili, wembe mmoja: mmoja unakata kwa chuki, mwingine unakata kwa mapenzi. Nitajuaje ni upi?

Ndani ya kitabu kingine, nilichokinunua kwa muuza vitabu chakavu, nilikuta maandishi ya kalamu ya bluu kwenye jalada la ndani: "Kwa shoga yangu, tusome wote," na mwaka 1983. Kijana aliyekuwa akinisaidia alishtuka, akasema tumekipata tulichokuja kukitafuta. Hatukukipata. Shoga ni neno ambalo wanawake wameitana kwa upendo tangu zamani, na wengi wanaitana hivyo hadi leo. Matumizi yake kwa wanaume yapo, lakini hayalifuti lile la kwanza. Kijana alizaliwa wakati maana moja imekwisha kuimeza nyingine masikioni mwake. Nilimweleza hivyo, naye akaridhika. Usiku nikakitazama tena kitabu. Wanawake wawili, kitabu kimoja, na ahadi ya kukisoma pamoja: nilikuwa na haki gani ya kuwa na uhakika kuliko yeye?

Kuna njia nyingine niliyoishika, nikalazimika kurudi nyuma. Msomaji mmoja wa Nyakahura aliniambia niende Mara, huko mwanamke humwoa mwanamke. Alimaanisha nyumba ntobhu ya Wakurya. Desturi hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mji, mali na watoto: mama asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari ya msichana, na watoto wa msichana huyo huwa warithi wa mama aliyelipa. Haizungumzii mapenzi. Nilimshukuru nikabaki Kagera. Lakini yeye, aliyeapa kwamba Mwafrika hajui mambo hayo, mbona ndiye aliyekuwa na mfano mkononi?

Sasa niseme juu ya hofu, maana ilikuwa imekaa nasi kila kikao. Sheria ya kanuni ya adhabu iliyotungwa Tanganyika mwaka 1930, wakati wa Waingereza, iliadhibu mapenzi ya wanaume. Marekebisho ya mwaka 1998 yaliikaza, na leo kifungu cha 154 kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu kinazungumzia matendo. Hakisemi lolote juu ya kusoma riwaya. Hata hivyo watu wawili waliniomba nisiandike hata kijiji chao, kwa kuwa tu walikiri kwamba walimaliza kitabu. Niliwaahidi, na ahadi hiyo nimeitunza. Iliniuma. Mtu mzima, mwenye miwani na mashamba, anaomba kufichiwa kwamba alisoma. Ushuhuda unaotolewa chini ya hofu ya namna hiyo, uwe wa kulaani au wa kusifu, tuupokee kwa uzito gani?

Februari 2023 vitabu 16 vilipigwa marufuku shuleni nchini kwa maelezo kwamba vinakinzana na mila na desturi zetu. Ndani yake mlikuwa na vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Orodha ilisambaa kwa simu hadi vijiji vya mpakani. Katika mji wa Ngara nilimtafuta muuza madaftari anayeweka na vitabu kidogo. Aliikumbuka orodha vizuri. Nikamuuliza alikuwa na vingapi kati ya vile 16. Hata kimoja. Hakuwahi kuviona, na hakuna mteja wake aliyewahi kuviona. Lakini kwa majuma kadhaa, alisema, dukani hapakuzungumzwa kingine. Watu waliitikia majina ya vitabu ambavyo havikufika. Nami nilikuwa nikiwinda mwitikio wa wasomaji. Huu ulikuwa mwitikio wa nani?

Aliyenipa jibu lililo karibu na nililokuwa nikilitafuta ni mwalimu mmoja wa Kiingereza, mwanamke, wilayani Ngara. Alikuwa na Jambula Tree, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007, ikiwa imetolewa kopi kwenye karatasi zilizopauka. Ni habari ya wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wanaopendana katika mtaa ambao jirani anawamulika. Aliisoma mara tatu. Nikamuuliza sehemu ipi ilimshtua. Alifikiri. "Jirani," akasema. "Yule mama anayechungulia. Nilimjua. Nikajiuliza kama si mimi." Juu ya wasichana hakusema neno la kulaani wala la kutetea. Alikunja karatasi zake kwa uangalifu. Nimewahi kuhojiana na wasomaji wengi, na ni wachache walioniambia kwamba hadithi iliwahamisha kiti namna hiyo. Ni wangapi wengine wamejiona humo, dirishani au chini ya mti, na hakuna aliyewauliza?

Ndipo nikakumbuka filamu iliyotokana na hadithi hiyo, Rafiki, ya Kenya. Mwaka 2018 ilipokewa Cannes, na mwaka huohuo ikazuiwa kwao. Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwongozaji wake ameeleza hadharani kwamba kilicholetea pingamizi ni mwisho: ulikuwa na matumaini mno, akatakiwa aubadili. Niliposoma tena maelezo hayo nilivipanga vitabu vyangu upya. Rosa anakufa, naye akarudi shuleni. Vijana wa Namugongo wanakufa, nao wanasomwa madhabahuni. Mnyapara ni katili, naye hamsumbui mtu. Wasomaji wa huku, na si wa huku peke yao, wamevumilia mengi sana ukurasani ilimradi hadithi ilipe mwishoni. Kinachozua kelele ni mhusika anayebaki hai, akitabasamu, ukurasa wa mwisho. Kama ni hivyo, tulikuwa tukibishana juu ya kitanda miaka yote hii, au juu ya mlango wa kutokea?

Dai hili sina hakika nalo. Simulizi tatu na filamu moja ni chache, na nakala zenye kurasa zilizokatwa haziwezi kuhesabiwa. Najua pia kwamba napendelea upande mmoja: nataka msomaji aachwe asome hadi mwisho, na nataka kijana ambaye huenda amejiona humo asilazimike kujikuta amekufa kila mara. Mtafiti mwenye shauku kama hii anapaswa kujilinda na shauku yake. Nilirudi Biharamulo kupitia Benaco na Lusahunga nikiwa na daftari lililojaa mistari iliyofutwa. Mzee angekubali kunisikiliza?

Nilimkuta barazani palepale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaingia ndani na kutoka na Peponi, amekifunga kwa gazeti kisichafuke. Sikutaka kumkumbusha alichosema. Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa amekimaliza. Hakutaja mnyapara, hakutaja pwani. Alitaka kuzungumza juu ya mwisho, pale Yusuf anapokimbilia safu ya askari wa Kijerumani na kitabu kinakatika. Alinyoosha mkono kuelekea boma, ambalo Wajerumani walilishika hadi Wabelgiji walipoingia kutoka Rwanda mwaka 1916.

"Askari wale walitawanywa vituo vyote," akasema. "Hata hapa walikuwapo, babu yangu aliwabebea mizigo. Sasa mwanangu, huyo kijana, si inawezekana alipita huku?"